Mteja wa Sita Apate Kazi Kama ya Mteja wa Kwanza

Tarehe 20 ya kila mwezi inajulikana na kila mtu anayeshikia wafanyabiashara wadogo vitabu vya hesabu. Ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka KRA hesabu ya VAT ya mwezi uliopita, na ile ya ushuru wa mauzo, TOT, pia. Kama wewe ni mshauri wa hesabu na una wateja saba au wanane, unajua vile mambo huenda. Mteja wa kwanza unamfanyia kazi tarehe 10 asubuhi, chai iko mezani na akili imetulia. Wa sita unamfanyia usiku wa tarehe 19, macho yamechoka, na stetimenti yake imeingia kwa simu saa tatu usiku. Wote wawili wanakulipa bei moja.

Mteja hajui siku yako ilikuwaje. Anachoona ni namba ulizompa, na namba hizo zinaingia KRA kwa jina lake, si lako. Ndiyo maana mshauri mzuri hategemei kuwa na siku nzuri. Anafuata utaratibu ule ule kwa kila mteja, hata akiwa amechoka, na hasa akiwa amechoka.

Pesa iliyoingia si mauzo yote

Tuchukue mfano wa mwenye duka la hardware. Stetimenti ya mwezi inaonyesha shilingi 640,000 zimeingia. Mshauri aliye na haraka anaandika mauzo 640,000, anaongeza 20,000 za keshi ambazo mwenye duka alimtajia, jumla 660,000. TOT ni asilimia 3 ya mauzo, bila kutoa gharama yoyote, kwa hivyo mteja anaambiwa alipe 19,800.

Sasa pitia mstari kwa mstari. Kuna 200,000 ambazo ni mkopo wa kuongeza stoki. Kuna 45,000 ambazo mwenyewe alitoa benki akajitumia. Kuna 15,000 ambazo mnunuzi alilipa kimakosa zikarudishwa siku hiyo hiyo. Hizo zote, 260,000, si mauzo. Yanabaki 380,000 za simu na 20,000 za keshi, yaani 400,000, na ushuru wake ni 12,000. Mteja angepoteza 7,800 kwa mwezi mmoja tu.

Na si hizo peke yake. Mauzo ya 660,000 kwa mwezi yakienda hivyo mwaka mzima ni karibu milioni 8, na biashara ikifikisha mauzo ya milioni 5 kwa mwaka ya bidhaa zinazotozwa VAT, inatakiwa kujisajili kwa VAT. Kwa 400,000 kwa mwezi yuko milioni 4.8. Hapo ungemsukuma mtu wa watu kwenye usajili ambao biashara yake haijafikia, kwa sababu ya mkopo uliohesabiwa kama misumari na mabati.

Kosa linaweza pia kuegemea upande wa pili. Ada za kupokea malipo zikikatwa, pesa inayobaki kwenye akaunti inakuwa ndogo kuliko bei aliyolipa mnunuzi. Mnunuzi akilipa 1,000, mauzo ni 1,000, hata kama iliyofika ni pungufu. Ukiandika ile pungufu, umepunguza mauzo ya mteja, na KRA wakikagua, anayeulizwa ni yeye.

Kwa hivyo kila stetimenti ipite majaribio mawili kabla haijatoka mikononi mwako. La kwanza: salio la mwanzo wa mwezi, jumlisha zilizoingia, toa zilizotoka na ada, lazima upate salio la mwisho. Ikikosana hata kwa shilingi 10, itafute. Hiyo shilingi 10 mara nyingi ni miamala miwili mikubwa iliyokaribia kufutana. La pili: linganisha na mwezi uliopita. Mauzo yakiruka au kuanguka sana, pigia mteja simu umwulize. Pengine alipata tenda ya shule, pengine duka lilifungwa wiki nzima kwa sababu ya matanga. Jibu lake liandike kando ya hesabu, maana mwezi wa sita hutakumbuka.

Mkubaliane kabla hujafungua stetimenti

Kazi nyingi za ushauri huharibikia mwanzoni, pale mteja anaposema "bosi, nifanyie tu ile kitu ya KRA" na wewe unajibu "sawa". Ile kitu ni gani? Ni TOT peke yake, au na mishahara ya wafanyakazi ambayo PAYE yake ni tarehe 9? Ujumbe mfupi wa WhatsApp unatosha: nitafanya hivi na hivi, nahitaji stetimenti na daftari la keshi kufikia tarehe 7, nitakurudishia hesabu uikague tarehe 14, na risiti za miaka iliyopita ni kazi nyingine na bei nyingine. Akijibu "sawa", mmekubaliana.

Ile tarehe 7 isimamie. Ukiilegeza kwa mteja mmoja anayekuja na maneno matamu, unayemwibia wakati ni yule aliyetuma mapema.

Jambo lingine: usimwombe mteja PIN ya simu yake, hata kama yeye mwenyewe anataka kukupa ili "kurahisisha". Huihitaji. Aitoe stetimenti mwenyewe akutumie, na neno la siri la kuifungua alitume kwa njia nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana na wewe pia, na ndani ya stetimenti ile kuna majina na namba za watu wengine waliomlipa.

Malipo yako nayo

Mshauri anayefukuzana na madeni usiku hawezi kukagua vizuri asubuhi. Omba sehemu ya malipo kabla ya kuanza, na nyingine ukikabidhi. Pokea kwa namba ya tili au laini ya biashara, isiyochanganyika na pesa ya nyumbani, la sivyo hesabu zako zitakuwa na vurugu ile ile unayolipwa kuondoa kwa wengine. Na mteja akikutumia picha ya ujumbe wa malipo, angalia salio lako mwenyewe kabla hujaachilia kazi. Picha si pesa.

Ukianza kufanyia kampuni kazi, wahasibu wao watataka invoisi ya eTIMS. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na invoisi hiyo haikubaliwi kupunguza ushuru wao, kwa hivyo wakikataa kukulipa bila hiyo si ubaya. Pia, malipo ya ushauri yakifika 24,000 kwa mwezi, watakata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Kwa kazi ya 30,000 utaona 28,500 kwa simu. Usikimbilie kugombana. Ile 1,500 ni ushuru wako uliolipwa mapema, na unapaswa kuona cheti chake kwenye iTax. Kisipoonekana, mwandikie mhasibu wao mwezi huo huo. Ukingoja mpaka Juni, unapojaza ritani yako ya mwaka, huenda aliyekulipa hayuko tena katika kampuni hiyo.