Kanu Alipitia Juu

Mama mkwe wangu ndiye huamka wa kwanza nyumbani kwetu, na asubuhi ile alitoka kama kawaida na bakuli la makombo ya ugali. Kuku wetu walikuwa wakimsikia tu anaburuta ndala, wanaanza kugombania mlango. Siku hiyo kimya. Alifungua, akatazama, akarudi taratibu hadi dirishani kwangu. "Mwanangu, njoo uone. Watoto waache walale kwanza."

Tulikuwa na kuku 17. Waliobaki hai walikuwa sita, wamejibana juu kabisa kwenye kichanja. Wengine 11 walikuwa chini, wameumwa shingoni, na katika hao ni mmoja tu aliyekuwa ameliwa. Kufuli lilikuwa mahali pake. Wavu haukukatika, ardhini hapakuwa na shimo. Mtoto wetu mkubwa, aliyekuwa darasa la sita, ndiye aliyepanda ngazi akatuita. Kati ya ukuta na bati fundi alikuwa ameacha uwazi wa kupitisha hewa, upana wa kiganja cha mtu mzima. Kwenye kichwa cha msumari pale palinasa kinywele kifupi cha kijivu, na juu ya bati vumbi lilikuwa na alama za nyayo ndogo za mviringo, zimeshuka kutoka kwenye tawi la mparachichi.

Bibi wa jirani, ambaye amefuga tangu mtaa wetu huu wa Njiro ukiwa mashamba, alikuja kutupa pole. Nilimwamkia, akaitikia, akaokota kuku mmoja na kumgeuza shingo. "Huyu ni kanu," alisema. "Kichwa chake kikipita, mwili wote umepita."

Vitabu vingi vya ufugaji kutoka Ulaya vinamtaja bweha mwekundu kuwa ndiye adui wa kuku. Huku kwetu huyo hayupo. Hata bweha masikio wa mbuga za Serengeti chakula chake hasa ni mchwa. Njiro tunaishi kati ya makorongo, kingo za mto Themi na viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga, nyasi zimefika kiunoni. Humo wamo kanu, fungo, nguchiro, kicheche na paka shume. Kila mmoja ana njia yake ya kuingia, na ukijua aliyekuvamia utajua pa kuziba. Kanu hupanda, nguchiro huja mchana na hupenda mayai na vifaranga. Wenye makucha ya kuchimba hupitia chini.

Kosa letu nililiona nikiwa nimesimama mlangoni na jembe mkononi, nataka kuchimba shimo la kuwafukia. Banda lile tulilijenga ili kuku wasitoke. Wavu wa kawaida wenye matundu ya pembe sita unamzuia kuku vizuri kabisa, kwa sababu kuku hang'ati wavu wala hausukumi usiku kucha. Tulitakiwa kujenga tukimfikiria aliye nje, mwenye njaa na muda wa kutosha.

Tulijenga upya kwa wikendi tatu. Nguzo na mabanzi tuliviacha, tukabadilisha kila penye uwazi. Juu, chini ya bati, tuliweka wavu wa chuma wenye matundu madogo, wa aina ile wanayotandaza kwenye meza za kuanikia kahawa. Hewa inapita, kanu hapiti. Kipimo changu ni rahisi: kidole gumba changu kikipenya, tundu ni kubwa mno, maana panya na nyoka nao wanahesabika. Wavu usiupigilie misumari peke yake. Weka ubao mwembamba juu ya ukingo wa wavu, kisha pigilia ubao huo, la sivyo mnyama atauchomoa pembeni kidogo kidogo hadi apate pa kuingiza pua.

Chini kulituchosha zaidi. Udongo wetu huu wa volkano ukikauka unachimbika kama unga, na kumwaga zege banda zima hatukumudu. Tulichofanya ni kulaza wavu ardhini kuzunguka banda, kutoka ukutani kwenda nje futi moja na nusu, tukaufukia kidogo na kupanga mawe meusi juu yake. Mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta wavu chini ya kucha zake hujaribu hatua mbili pembeni, anakuta wavu tena. Wiki ya pili tuliona mikwaruzo miwili pale, na kuku wote walikuwa salama. Nilifurahi siku hiyo kuliko nilivyofurahi siku ya yai la kwanza.

Mlango nao uangalie mara kwa mara. Mabanzi yakipigwa na jua hupinda, na kona ya chini hufunguka bila wewe kujua. Wetu sasa una makomeo mawili, juu na chini.

Lakini banda bora halisaidii kama jioni hakuna aliyelifunga. Kazi hii tumeigawa. Kuku huingia wenyewe giza linapoanza kushuka, na ikifika saa 12 na nusu mtoto wa zamu anahesabu, anafunga, kisha anaandika idadi kwenye kalenda iliyo ukutani jikoni. Kitinda mimba wetu alianza kazi hii akiwa na miaka sita, na kuhesabu kwake ndiko kulikotuokolea koo mmoja. Alikuja analia kwamba wako 13, na wanatakiwa kuwa 14. Tulitoka na tochi, tukamkuta amejificha ndani ya ua la michongoma, analalia mayai yake kwa siri. Tungemwacha, nguchiro angempata kabla ya siku 21 kutimia. Tulimhamisha usiku ule ule pamoja na mayai, giza ndilo humtuliza, naye akatotoa vifaranga tisa.

Vifaranga wanastahili ulinzi wao peke yao, na adui yao mkubwa mchana ni mwewe. Wiki nne za kwanza tunawaweka na mama yao chini ya tenga, tunalihamisha kila siku wapate nyasi mpya. Baadaye wanatoka kwenye uwanja mdogo tuliouwekea miti juu na kuipandisha mipesheni. Majani yakishikana, mwewe haoni chini, kuku wanapata kivuli, na sisi tunapata matunda.

Msiache kuwa na jogoo, hata kama mnafuga kwa ajili ya mayai tu. Jogoo wetu, kishingo mwekundu, ana kelele mbili tofauti kabisa. Akiona mwewe hutoa mlio mmoja mwembamba, wa kuvutwa, na kuku wote hukimbilia chini ya kitu au hujibana palepale. Akiona mnyama wa ardhini, hupiga kelele za kukatakata, kali, bila kuchoka, shingo ameisimamisha. Watoto walizitofautisha kabla yangu. Siku moja mtoto wa kati aliacha madaftari mezani akakimbia nje akisema, "Hiyo ni ya chini!" Akamkuta nguchiro kando ya kiota.

Yupo adui mmoja ambaye hayo yote niliyoeleza hayamzuii, na kwake banda imara linageuka hatari. Siafu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji yakijaa ardhini wao huhama, na safu yao ikipita kwenye banda lililofungwa, kuku hawana pa kukimbilia. Kuku anayeatamia hatoki kwenye mayai, na vifaranga hawana nguvu ya kujikung'uta. Usiku mmoja wa masika tuliamshwa na kuku kulia, sauti ya chini ya mahangaiko. Nilipomulika, ukuta ulikuwa unatembea. Mume wangu alifungua milango yote, tukawatoa kuku mmoja mmoja huku tunawabandua siafu kwenye miguu na makope, tukawaingiza bafuni. Vifaranga watatu tuliwapoteza.

Tangu hapo ufunguo wa banda unaning'inia kwenye msumari mmoja tu, kando ya mlango wa jikoni, na hakuna anayeruhusiwa kuuweka mfukoni. Kila mtu mzima wa nyumba hii anaweza kulifungua banda gizani. Nyasi tunafyeka hatua tatu kuzunguka. Kichanja cha koo anayeatamia kimesimama juu ya miguu minne, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu. Majivu tunayamwaga pia, ingawa mvua ikinyesha yanakuwa tope tu. Kama unajenga sasa, jenga banda karibu na dirisha la chumba unacholala. Harufu utaizoea ukibadilisha maranda kwa wakati, na usiku utasikia.

Baada ya maafa yale ya kwanza mtu alitushauri tutege nyama yenye sumu. Tulikataa. Sumu haichagui, ingemuua mbwa wa jirani na bundi anayekula panya wetu, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua wanyama kwa njia hiyo. Kanu naye anakula panya.

Chanjo ya ugonjwa wa kideri nayo sitaipita kimyakimya, kwa sababu mtaani kwetu nimeona banda zima linaisha kwa siku nne bila mnyama yeyote kuingia. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi 3. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko alio nao mtu mmoja, kwa hiyo majirani watano tunachangia na kuchanja siku moja, watoto wanashika kuku, bibi wa jirani anadondosha. Mkono wake hautetemeki. Mabanda ya mfano na wataalamu wa kuuliza maswali utawapata kila Agosti kwenye viwanja vya Nane Nane vya Themi, hapa hapa Njiro. Mwaka jana tulienda familia nzima, na kichanja chetu cha kuatamia tuliiga huko.

Leo kalenda inaonyesha kuku 22. Jumamosi tunakata lile tawi la mparachichi lililolalia bati. Mama mkwe ameomba tusubiri matunda yake yakomae, tumekubaliana kwamba atayachuma Ijumaa, yaivie ndani ya pumba.