Hesabu Mpaka Vijiko

Wadogo zangu mnaoishi nyumba za kupanga, leo nataka tuongee habari ya fomu ya bima ya vyombo vya nyumbani. Pale inapouliza thamani ya mali yako, wengi mnaandika kiasi cha chini ili ada iwe nafuu, mkijiambia likitokea la kutokea, angalau hicho mtakipata. Mara nyingi hamtakipata.

Hapa Kenya mikataba mingi ya aina hii hulipa kwa uwiano. Tuseme vitu vyako vyote vina thamani ya shilingi 800,000, nawe umeandika 400,000. Wezi wanavunja mlango, wanabeba vitu vya 100,000. Unaona hiyo ni hasara ndogo, bima itaimudu. Lakini kampuni itasema umekatia bima nusu tu ya mali yako, basi na hasara italipa nusu: 50,000. Hapo bado haijaondoa sehemu ambayo mkataba unakutaka uibebe mwenyewe. Hili linaniuma, kwa sababu watu hulijua siku wanapodai.

Kwa hiyo hesabu, mdogo wangu. Televisheni na friji huwezi kuvisahau. Anza na kabati la nguo. Viatu, mashuka, mapazia, leso alizokupa mama, suti ya kazi. Ingia jikoni: sufuria, sahani, blenda, meko na mtungi wa gesi. Vijiko pia. Vitu vidogo hivyo ndivyo vinavyopandisha jumla, na moto ukiwaka hauchagui.

Bei je? Muulize ajenti kabla hujaandika chochote: mtanilipa bei ya kununua kipya, au thamani ya kitu kilivyochakaa? Kama ni kipya, andika bei ya dukani leo, si ya risiti ya miaka sita iliyopita. Kama ni kilivyochakaa, punguza kwa haki. Wala usitie chumvi, maana hulipwi zaidi ya ulichopoteza. Utalipia ada ya bure.

Simu, kompyuta ya kubebeka na dhahabu unazotoka nazo nje kwa kawaida huwa na sehemu yake kwenye mkataba, na kila kimoja hutajwa peke yake. Na usitegemee bima ya mwenye nyumba: hiyo inalinda jengo lake. Mnaoishi wawili, ulizeni kama vitu vya kila mmoja wenu vimo.

Ukimaliza, piga video chumba kwa chumba, fungua droo, piga picha namba za mashine na risiti. Zitume kwa barua pepe au kwa ndugu unayemwamini, kwa sababu simu yenyewe yaweza kuibwa. Na ukinunua kochi jipya katikati ya mwaka, mpigie ajenti wiki hiyo hiyo, usingoje mkataba uishe.