Toa Moli, Usitoe Ukolezi

Nilipokuwa TP mwaka jana nilifundisha kemia kidato cha tatu, na kipindi kimoja nilifundisha kosa. Nililiandika ubaoni kwa mwandiko safi, darasa zima likanakili. Nalisimulia kwa sababu hata sisi wa chuo bado tunalirudia.

Swali lilikuwa la kawaida. Sentimita za ujazo 25 za nitrati ya fedha yenye ukolezi wa 0.1 M zimechanganywa na 25 za myeyusho wa chumvi ya mezani wa 0.06 M. Ayoni za fedha zilizobaki zina ukolezi gani?

Kwa macho, jambo lenyewe linapendeza. Vimiminika viwili angavu kama maji, ukivikutanisha tu, vinakuwa vyeupe kama maziwa. Weupe huo ni mashapo ya kloridi ya fedha, ambayo karibu hayayeyuki kabisa kwenye maji:

AgNO₃ + NaCl → AgCl + NaNO₃

Moli moja kwa moli moja. Basi nikaona rahisi: 0.1 toa 0.06, jibu 0.04 M. Nikapiga mstari chini yake.

Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani, sasa yale maji ya chumvi yameenda wapi?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikamwambia akae. Usiku, nikiandaa somo la kesho, swali lake likanirudia. Niliona aibu peke yangu chumbani.

Ukolezi si kiasi cha kitu. Ni kiasi kilichogawanywa kwa ujazo. Kijiko kimoja cha sukari kwenye kikombe na kwenye birika ni sukari ileile, lakini utamu si ule. Kwa hiyo tunatoa moli, halafu ndipo tunagawanya kwa ujazo wote:

Fedha: 0.025 × 0.1 = moli 0.0025
Kloridi: 0.025 × 0.06 = moli 0.0015
Fedha iliyobaki: moli 0.0010
Ujazo wote: lita 0.050
Ukolezi: 0.0010 ÷ 0.050 = 0.02 M

Nusu ya jibu langu! Mashapo nayo ni 0.0015 × 143.5, yaani kama gramu 0.215.

Kesho yake nikawaambia, "Jana niliwadanganya bila kujua," nikamwita yule binti ashike chaki. Nilidhani heshima yangu imekwisha. Kumbe siku ile ndiyo walianza kuuliza maswali.

Mwalimu mtarajiwa mwenzangu, jipime: sentimita za ujazo 20 za nitrati ya fedha ya 0.1 M, na 30 za chumvi ya 0.05 M. Ukipata 0.05 M, maji ya chumvi umeyasahau. Jibu ni 0.01 M. Na mwanafunzi wa nyuma akinyoosha mkono, msikilize kwanza, cheka baadaye.