Karatasi za Sandukuni: Ipi ya Kuweka na Ipi ya Kutupa

Somo letu ni juu ya jambo ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni karatasi na vyombo vilivyorundikana majumbani. Kila nyumba ina sanduku lake. Ndani yake mna stakabadhi, barua, hati za ndoa, daftari za duka, na funguo zisizojulikana ni za mlango upi. Siku ya kusafisha, mwenye nyumba hushika karatasi moja moja akajiuliza, "Hii yanifaa?" Asipoona faida yake huitupa jaani.

Swali hilo silo. La kuuliza kwanza ni hili: ndani ya karatasi hii mna haki ya nani? Ikiwa ni haki yako peke yako, weka ukipenda, tupa ukipenda. Lakini ikiwa mna haki ya mwingine, karatasi ile ni amana, ijapokuwa imo sandukuni mwako. Na hapa ndipo penye mtihani, kwani karatasi ambayo nafsi hutamani ipotee ni ile isemayo kuwa twadaiwa.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur-ani, nayo ni ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, si ya sala wala si ya saumu; ni ya kuandika madeni. Humo tumeamrishwa kuandika deni, likiwa dogo au kubwa, pamoja na muda wake, na mwenye kudaiwa ndiye amtajie mwandishi maneno ya kuandika. Basi hati ya deni ni ungamo la mdaiwa mwenyewe. Vipi mtu alipasue ungamo lake na hali deni lingali shingoni mwake?

Wapo wasemao, "Deni hili ni la zamani, na muda wa kushitaki umekwisha." Ni kweli kuwa serikali zimeweka muda. Katika sharia za Kenya na za Tanzania, dai litokanalo na mapatano ni miaka 6, na la ardhi ni miaka 12. Lakini kufungwa mlango wa korti si kulipwa deni. Hata sharia za dola ya Waturuki ziitwazo Majalla, zilizotolewa baina ya mwaka 1869 na 1876, ziliweka muda wa miaka 15 kwa madai mengi, na pamoja na hayo zikaeleza kuwa haki haifi kwa kupita miaka: mdaiwa akikiri mbele ya kadhi, kupita muda hakumwokoi. Kwa hivyo hesabu ya miaka yafaa kukuonyesha lini utatupa stakabadhi za maji na taa ulizokwisha kulipa. Haikuonyeshi lini usahau fedha za watu.

Khasa tahadhari na hati ya ndoa. Mara nyingi mahari hutolewa sehemu, na sehemu hubaki. Iliyobaki ni deni la mume, na akifa hutolewa katika mali yake kabla ya warithi kugawana. Sasa mume amekufa, ndugu zake wamefungua sanduku, wamechoma "karatasi kuukuu", na mjane hana cha kumwonyesha kadhi. Wako wafanyao hivyo kwa ujinga. Na wako, Mungu atuhifadhi, wajuao vyema wanachokichoma. Dawa yake ni nyepesi: mke awe na nakala yake mwenyewe, mahali pake mwenyewe. Na hati ya talaka ni vivyo hivyo, kwani asiye nayo hupata taabu akitaka kuolewa tena. Siku hizi watu huzipiga picha hati kwa simu. Ni jambo jema, lakini simu huibiwa na huanguka majini, na mwenye kuhukumu hupenda kuiona asili.

Katika vyombo, hukumu ni ile ile. Mtu akifa, hata wiki haijesha utaona kanzu zake, saa yake na kitanda chake vyagawiwa, hiki kwa mwalimu, hiki kwa jirani, na husemwa kuwa ni sadaka ya marehemu. Sadaka ya mali ya nani? Tangu roho ilipotoka, kanzu ile ni ya warithi, baada ya deni na wasia usiozidi thuluthi. Akiwamo mtoto mdogo, hapana awezaye kulisamehe fungu lake, si mama yake wala si ami yake. Wakubwa wakitaka kutoa, na watoe katika mafungu yao. Najua wengine wataona ni udhia kuhesabu kanzu tatu. Yatima hatauona udhia huo.

Na kitu cha mtu kilichowekwa kwako, kiandike jina la mwenyewe leo, kwani wanao hawajui. Mtume s.a.w. alipohama Makka mwaka 622, alimwacha Sayyidna Ali nyuma awarudishie watu amana zao, na mji ule ndio uliokuwa ukitaka kumwua.

Zimebaki karatasi zenye aya: misahafu iliyoliwa na mchwa na juzuu za chuoni. Hizi si lazima kuwekwa hata zioze. Sayyidna Uthman r.a. alipokwisha kunakilisha misahafu, aliamuru nyinginezo zichomwe. Maulamaa wamehitalifiana lililo bora, kuchoma, kuzika au kuosha wino, na wote wakusudia heshima. Wengine waliziweka tu: mwaka 1972 mafundi waliokuwa wakitengeneza Msikiti Mkuu wa San'aa, huko Yaman, walikuta baina ya dari na paa rundo kubwa la kurasa za misahafu ya kale. Lakini San'aa ni kukavu, na pwani yetu ina unyevu na mchwa. Lisilofaa kabisa ni kumpa muuza njugu daftari za chuo akazifanya za kufungia. Ukiona uzito kuchoma, zifunge kwa kitambaa safi, uchimbe mahali pasipokanyagwa, ufukie kwa kina ambacho mbwa hawafukui.