Kuku wa Bibi: Somo kwa Kamati za Parokia

Somo letu la robo hii linahusu kuku wa kienyeji. Karibu kila kaya ya Handeni na Korogwe inao, au iliwahi kuwa nao. Lengo la somo ni kuonyesha kwa nini kamati, kabla ya kuomba fedha za kununua kuku wapya, inafaa ianze na chanjo ya kuku waliopo.

Benki ya bibi

Nililelewa na bibi yangu katika kijiji kimoja cha Handeni. Alikuwa na matetea 12 hivi na jogoo mmoja mwekundu. Daftari za shule, mafuta ya taa, chumvi na sadaka ya mavuno, vyote vilitoka bandani. Mgeni wa heshima alichinjiwa jogoo. Mayai yalitunzwa ndani ya majivu, na yakitosha yalipangwa kwenye kikapu na kupelekwa Korogwe, ambako abiria wa mabasi waliyanunua.

Sisi watoto tulikula yai kwa nadra: mtu akiumwa, au siku ya Pasaka. Kiini chake kilikuwa cha rangi ya chungwa, maana kuku walishinda wakila majani, wadudu na kumbikumbi. Tukiomba jingine, bibi alijibu, "Mjukuu wangu, ukila yai leo, kesho utakula mboga gani?"

Hakuwa mchoyo. Kila kiangazi, kabla ya mvua za vuli, kuku walianza kuzubaa, mbawa zikining'inia, kinyesi kikawa cha kijani, na wengine walipinda shingo. Kwa muda wa wiki moja banda lilikuwa tupu. Majirani walisema ni upepo mbaya. Mwaka mmoja alisalia tetea mmoja tu, aliyekuwa akiatamia mbali kichakani. Muhula ule hatukupata daftari mpya. Bibi aliyaweka mayai yote yaatamiwe kwa sababu alijua kifo kitarudi.

Methali na kiungo kilichosahaulika

Wahenga walisema: kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua vifaranga huchukuliwa na mwewe. Methali hii inataja hatua tatu ambapo mali ya mnyonge hupotea, na kila moja ina dawa yake.

*Kutaga.* Kuku apate maji safi kila siku, pumba kidogo jioni, na kiota chenye nyasi kavu mahali pa kivuli.

*Kuangua.* Mwekee tetea mayai 10 hadi 13 yasiyozidi wiki mbili tangu kutagwa. Siku ya 7 yamulike kwa tochi usiku. Yasiyoonyesha mishipa ya damu yaondolewe. Vifaranga hutoka siku ya 21.

*Mwewe.* Kwa wiki za mwanzo vifaranga wafunikwe kwa tenga pamoja na mama yao, na usiku walale ndani ya banda lenye mlango. Wape mchwa na pumba.

Methali haikutaja mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huu ndio "upepo" wa majirani zetu. Ni ugonjwa wa virusi uliotambuliwa mwaka 1926 huko Java na Newcastle, Uingereza, ndipo wataalamu wakauita jina la mji huo. Katika kundi lisilochanjwa unaweza kuua karibu kuku wote. Hauna tiba. Kuku akishaugua, vidonge na dawa za mitishamba havitamwokoa.

Tone moja la jicho

Kinga ipo. Chanjo iitwayo I-2 ilibuniwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu, kwa kuwa huvumilia joto kuliko chanjo nyingi. Hapa nchini hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huko Kibaha. Hutolewa tone moja kwenye jicho moja, kwa kifaranga na kwa kuku mkubwa vilevile. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Hupewa kuku wazima tu, na kinga yake huhitaji wiki moja hadi mbili kujengeka. Kwa hiyo tusingoje kuku wa jirani waanze kufa.

Chupa moja ina matone ya kutosha kuku wengi kuliko wa kaya moja, na ikishafunguliwa haikai. Mama mwenye kuku sita hawezi kununua chupa peke yake. Kaya 20 zikichanja asubuhi moja, gharama ya kila moja inakuwa ndogo. Chanjo basi ni kazi ya ujirani, na hapo ndipo kamati ina nafasi yake.

Mayai yaende wapi?

Tuchukue mfano. Tetea wa kienyeji hutaga mara tatu hivi kwa mwaka, mayai 12 kila mara. Jumla ni mayai 36. Kuku wakiwa wamekingwa, hakuna haja ya kuatamisha yote. Mtago mmoja uatamiwe, na mayai 24 yabaki. Matetea watano wataacha mayai 120, yaani zaidi ya mawili kila wiki kwa ajili ya mtoto wa nyumbani. Hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Kazi ya kamati

1. Hesabuni kuku na kaya katika kila jumuiya.
2. Mwoneni afisa mifugo wa kata. Mwaka 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo inayohusisha pia kuku wa asili. Ulizeni ratiba ya kata yenu.
3. Chagueni wachanjaji wawili, hasa akina mama, wafundishwe.
4. Wekeni tarehe tatu za mwaka, kwa mfano Januari, Mei na Septemba, na zitangazwe kanisani na msikitini, maana virusi havichagui dini.
5. Kaya zichangie kidogo kwa kila kuku, ili kazi iendelee mradi ukiisha.

Neno kwa wafadhili

Picha ya mama akipokea majogoo ya kisasa hupendeza. Lakini kuku wageni wakiingizwa katika kijiji kisicho na chanjo, watakufa pamoja na wenyeji. Tunaomba mnapopokea maombi ya mradi wa kuku mtafute kwanza ukurasa wa chanjo: nani atachanja, lini, na nani atalipa mwaka wa tatu. Kama ukurasa huo haupo, rudisheni andiko kwa upole.

Maswali ya kujadili

1. Mara ya mwisho mdondo kupita kwetu ilikuwa lini, na kaya ngapi zilibaki bila kuku?
2. Katika nyumba zetu, nani huamua yai liuzwe, liatamiwe au liliwe?
3. Tarehe yetu ya kwanza ya chanjo ni ipi?