Mtoto Aliyekatazwa Ngano

Daktari akiwaambia kwamba mtoto wenu ana ugonjwa wa siliaki, msidhani atashinda njaa. Mwili wake haupatani na gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri. Akiila, utumbo huumia na chakula hakimjengi: huharisha, tumbo hujaa, hakui, hupungukiwa damu. Tiba ni kuiacha maisha yote. Lakini msiiache kabla ya vipimo, kwani kipimo cha damu chaweza kuwadanganya.

Hapa Kiwalani jikoni kwetu mna mengi ya kumfaa: ugali wa mahindi, wali, ndizi, maharage, mchicha. Taabu huanza asubuhi, wenzake wanapokula chapati na maandazi. Mchemshieni viazi vitamu, mihogo au magimbi. Heri nyumba nzima mle hivyo, asijione ametengwa.

Ngano hujificha. Vitumbua ni vya mchele, ila wako wauzaji wanaochanganya ngano, ulizeni. Samaki wa kukaanga huenda alipitia mafuta ya maandazi. Unga wa lishe mara nyingi huwa na ngano, na mashine hubakiza unga wa mteja aliyetangulia. Subirini aliyesaga mahindi amalize, ndipo msage yenu.

Na Komunyo? Hostia ni ya ngano. Isiyo na gluteni kabisa Kanisa haliikubali, ila yenye kidogo sana huruhusiwa. Akishindwa hata hiyo, aweza kupokea Damu ya Kristo peke yake, katika kalisi isiyotiwa kipande cha Hostia. Mwoneni Paroko mapema, kabla ya Komunyo ya Kwanza.