Si Sumu: Ugonjwa wa Kutapika Unaopita kwa Mikono

Ndugu wanachama, mnajua namna inavyokuwa. Kundi linapalilia shamba la pamoja, mchana linakula bugali na sombe kwenye sahani moja, kila mtu anarudi kwake mzima. Kesho yake watu sita wanatapika na kuhara. Siku mbili mbele, watoto waliobaki nyumbani nao wanaanza. Hapo maneno yanatoka: «Ni nani alipika? Aliweka nini ndani?» Mama aliyejitolea kupika anaitwa mulozi, na koperative inavunjika kabla ya mavuno.

Sisi maagronomu si waganga, lakini tulifundishwa kuuliza mdudu anapita njia gani kabla ya kumtafutia dawa. Tufanye vile vile hapa.

Wale watoto hawakula kile chakula. Sumu ya sahani isingewafikia. Kilichowafikia kinaambukiza, na mara nyingi ni kirusi kinachoitwa norovirusi. Jina lake linatokana na mji wa Norwalk, Marekani, ambako watu wa shule moja waliugua pamoja mwaka 1968. Hakizaliani ndani ya chakula. Kinazaliana ndani ya tumbo la mtu, kinatoka kwa matapishi na mavi, halafu mkono unakipeleka kinywani mwa mwingine. Chembe zisizofika 100 zinaweza kutosha. Ugonjwa unaonekana baada ya saa 12 hadi 48. Tena mtu aliyepona anaweza kuendelea kukitoa kwa mavi wiki mbili au zaidi, naye hajui.

Sasa tuangalie beseni. Kunawa kabla ya kula ni desturi yetu, na ni nzuri. Lakini beseni moja likizunguka watu ishirini kwa maji yale yale, wa mwisho ananawa uchafu wa wote. Mtu amwage maji kwa kopo, yaanguke chini, na sabuni isuguliwe mpaka kwenye kucha. Ile jeli ya alkoholi haikiui vizuri kirusi hiki. Matapishi yasafishwe kwa maji ya javeli. Aliyeugua asipike, wala asichume nyanya za kupeleka soko la Baraka, mpaka siku mbili zipite tangu tumbo litulie. Lengalenga zitapikwa, nyanya inaliwa mbichi.

Dawa ya kukiua hakuna, na antibiotiki hazifanyi kitu. Kinachoua, hasa watoto na wazee, ni kuishiwa maji mwilini. Lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi: anywe kidogo kidogo, hata kama anatapika. Lakini kuhara kukiwa kama maji ya mchele, msingoje. Huku Fizi na Baraka kolera tunaijua, inaua kwa saa chache. Mkimbize kituo cha afya, akinywa njiani.

Na yule mama aliyepika, mumuulize kwa upole kama kwake kulikuwa mgonjwa wiki ile.